Injini ya Gari Yako Imechapa? Piga Hii Hesabu Kabla Umpatie Fundi Hata Thao Moja

Picha ni hii. Ijumaa jioni, uko Thika Road, jam imeshikana kuanzia Muthaiga hadi Roysambu. Unacheki dashibodi, mshale wa joto umepanda mpaka juu kabisa. Unajiambia, "Wacha nifike tu hapo Githurai." Kabla ufike, moshi unatoka kwa boneti na gari inazima katikati ya barabara. Makanga wa mathree iliyo nyuma yako ana maneno, na hayo maneno si ya kanisani.

Gari inavutwa hadi kwa fundi. Jumatatu simu inalia. "Bosi, hii injini imeisha. Tafuta kama mia na ishirini hivi tuanze kazi."

Mia na ishirini ni laki moja na ishirini elfu. Gari yenyewe ni ya namba KBM, na majirani walishaanza kuicheka kitambo. Rent iko karibu. Sasa unafanya nini? Unatengeneza, unabadilisha injini, ama unaiuza vile iko?

Wasee wengi hapa ndio hukulwa, na si lazima fundi awe mwizi. Shida ni kwamba wanaamua kwa moto, wakiwa na hasira na aibu. Tulia kwanza. Gari imeshazima, haitazima zaidi kesho. Hizi hapa hatua za kufuata mpaka ujue ni pesa ngapi unafaa kutoa na ni wapi unafaa kusema imetosha.

1. "INJINI IMEISHA" SI JIBU

Ukienda hosi na daktari akwambie "mwili umeisha," utamuuliza sehemu gani. Fundi naye muulize hivyo hivyo. Injini ni vitu vingi. Kuna hedi, ambayo ni ile sehemu ya juu yenye valvu. Kuna bloku yenye pistoni na ringi zake. Kuna gasketi katikati ya hizo mbili, kuna kranki na beringi zake huko chini, halafu kuna vitu vya pembeni kama pampu ya maji, thamostati, plagi na koili.

Bei za hivi vitu hazikaribiani hata kidogo. Gari inaweza kuchemka juu ya kifuniko cha redieta kilichochoka, feni isiyozunguka ama thamostati iliyokwama. Hivyo ni vitu vidogo. Lakini ukiendelea kuendesha ikiwa imechemka, hedi ya aluminiamu inapinda, gasketi inaungua, na sasa kitu cha bei ndogo kimezaa bili ya laki.

Ndio maana mshale ukipanda unaweka gari kando mara moja. Usifungue redieta ikiwa moto, maji yatakuruka usoni. Na usimwagie injini maji baridi ukidhani unaisaidia, chuma kilicho moto kinaweza kupasuka.

Hata gari kutetemeka na kukosa nguvu si lazima iwe injini. Kwa gari kama Fielder, Probox ama NZE zenye injini ya 1NZ-FE, kila silinda iko na koili yake. Koili moja ikikufa, injini inabaki inatembea na silinda tatu na gari nzima inatingika kama iko na malaria. Mtu asiyejua anaweza kukwambia ni ovaholi. Kumbe ni koili moja.

2. CHEKI MOSHI, MOSHI HAUDANGANYI

Kabla hata ulipie vipimo, kuna vitu unaweza kujicheki mwenyewe.

Moshi wa bluu: injini inachoma oili. Inaweza kuwa ringi za pistoni ama sili za valvu zimechoka. Lakini kabla ukubali kufungua injini, mwambie fundi aangalie valvu ya PCV. Hiyo ni kifaa kidogo cha kutoa hewa chafu ndani ya injini, na ikiziba inaweza kufanya injini ile oili. Kuibadilisha ni pesa kidogo sana ukilinganisha na ovaholi.

Moshi mweupe mzito, wenye harufu tamu-tamu, na hauishi hata injini ikipata moto: maji ya kupoza yanaingia mahali pa kuchomea mafuta. Hapo gasketi ya hedi ndio mshukiwa wa kwanza. Ule mvuke mwepesi wa asubuhi ukitoka Limuru na baridi ni kitu cha kawaida, usishtuke.

Moshi mweusi: petroli inaingia nyingi kuliko hewa. Mara mingi hiyo ni sensa, inyekta ama klina ya hewa iliyoziba.

Fungua kifuniko cha oili uangalie chini yake. Ukipata kitu kama chai ya maziwa, maji yamechanganyika na oili. Kama safari zako ni zile za dakika tano tano, inaweza kuwa unyevu tu. Lakini ikiwa hata oili kwa dipstiki imekuwa ya maziwa, usiwashe hiyo gari tena. Oili iliyo na maji hailindi beringi, na ukiharibu beringi umehama kutoka bili ya hedi ukaenda bili ya injini mzima.

Sikiliza pia. Kelele ya "ko-ko-ko" nzito kutoka chini, inayoongezeka ukikanyaga mafuta, ni dalili mbaya. Hiyo mara mingi ni beringi za kranki. Hapa ukarabati mdogo hautoshi.

3. LIPIA KIPIMO KABLA YA KULIPIA KAZI

Kuna vipimo viwili ambavyo vitakuokolea doh mob.

Cha kwanza ni kompresheni. Fundi anatoa plagi, anaweka geji kwa kila silinda, anazungusha injini na stata. Kila silinda inatoa namba yake. Kitu unatafuta ni namba ziwe juu na zikaribiane. Tatu zikiwa sawa na moja iko chini sana, shida iko hapo.

Baadaye anamwaga oili kidogo, kijiko hivi, ndani ya ile silinda iliyo chini na anapima tena. Namba ikipanda, ringi ndizo zimechoka, juu oili imeziba ile nafasi. Namba ikikataa kupanda, shida iko juu, kwa valvu ama gasketi. Unaona? Dakika chache, na sasa unajua kama kazi ni ya hedi pekee ama ni ya injini mzima.

Cha pili ni cha gasketi. Kuna dawa ya rangi ya bluu inawekwa juu ya mdomo wa redieta injini ikiwa inanguruma. Gesi ya injini ikiwa inavuja kuingia kwa maji, ile dawa inageuka manjano.

Fundi akikataa kupima na anataka tu kufungua, hama. Gharama ya kuivuta hadi kwa fundi mwingine itakuuma, lakini injini ikishafunguliwa na iko kwa beseni vipande vipande, huna nguvu ya kubargain tena. Uko kwa mikono yake.

Na ukipata jibu, mwambie aandike. Karatasi moja, kila spea na bei yake, kazi na bei yake. "Mia na ishirini hivi" haitoshi. Ukiwa na hiyo orodha, tembea Grogan, ile Kirinyaga Road, uulize bei za spea kwa maduka matatu tofauti. Hapo ndio utajua kama umeongezewa.

4. HESABU YA KWANZA: GARI NI YA PESA NGAPI LEO?

Hapa ndio watu huchanganyikiwa. Utasikia mtu akisema, "Siwezi kuiacha, nilinunua 700, nikaweka rimu, nikaweka mziki, mwezi jana tu nimebadilisha shoki."

Maji yakimwagika hayazoleki. Ile pesa uliweka haiwezi kurudi hata ukitengeneza injini mara tatu. Swali la leo ni moja: pesa nitakayotoa kuanzia sasa itaniletea nini?

Unahitaji namba mbili tu. Ya kwanza, gari kama yako, mwaka ule ule, injini ikiwa fiti, inauzwa pesa ngapi? Usiangalie bei ya kuomba, angalia bei ambayo watu wanalipa kweli. Ya pili, gari yako vile iko leo, injini ikiwa imekufa, mtu anaweza kuichukua na pesa ngapi? Ulizia madalali wawili watatu na watu wa kuuza spea.

Tuseme, kwa mfano, ikiwa fiti ni 550,000 na ikiwa imekufa unapewa 300,000. Tofauti ni 250,000. Hiyo ndio thamani ya injini iliyo hai ndani ya hiyo gari. Ukitengeneza na 120,000, umetoa 120,000 ukapata 250,000. Hapo una akili. Fundi akikwambia 280,000, unalipa zaidi ya kile unapata. Afadhali uuze vile iko.

Hizi ni namba za mfano, weka zako. Lakini hesabu ni ile ile kwa Vitz, Demio, Subaru ama Mark X.

Sasa ongeza kitu kimoja ambacho watu husahau: vitu vingine kwa hiyo gari. Gia boksi inabadilisha vizuri ama inagonga? Kutu imekula sakafu? Raki ya usukani inavuja? Tairi ziko aje? Kama baada ya injini kuna 150,000 nyingine inakungoja kwa foleni, iweke kwa hesabu leo. Injini mpya ndani ya gari iliyooza ni kama kuvalia suti na viatu vya kutoboka.

5. HESABU YA PILI: NI NGAPI KWA MWEZI?

Hii ndio mimi napenda sana juu haina hisia.

Chukua pesa ya ukarabati, gawanya na miezi ambayo unaamini gari itatembea bila kurudi garage kwa shida kubwa. 120,000 ikikupa miaka miwili, hiyo ni 5,000 kwa mwezi. Ikikupa miezi sita tu, ni 20,000 kwa mwezi. Ukarabati ni ule ule, lakini mmoja ni bei poa na mwingine ni wizi.

Sasa linganisha na njia zingine. Ukichukua mkopo wa 600,000 ununue gari ingine, ulipe kwa miaka mitatu, hata bila riba hiyo ni karibu 16,700 kwa mwezi. Ongeza riba. Na kama umeweka logbuku kama dhamana, ukichelewa kulipa wanakuja kuichukua.

Kuagiza kutoka Japan nako si mchezo. Kenya hairuhusu kuingiza gari ya mitumba iliyopita miaka 8, kwa hivyo huwezi kuleta ile ya bei ya chini kabisa. Kisha kuna ushuru wa forodha, ushuru wa eksaizi, VAT ya asilimia 16 na ada zingine za bandarini. Hizo kodi zinapandiana, moja juu ya ingine.

Na usisahau njia ambayo watu huona aibu kuitaja: mathree. Ukilipa 200 kwa siku kwenda job na kurudi, siku 22, ni 4,400 kwa mwezi. Haina bima, haina paking ya tao, haina mafuta. Kama gari ni ya kukupeleka job na kukurudisha tu, jiulize kwa ukweli kama unaihitaji mwaka huu.

Lakini wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Gari yako unaijua. Unajua ni lini ilibadilishwa oili, unajua ile kelele ya mlango wa nyuma inatoka wapi. Ile ingine ya 500,000 utanunua kwa mtu, inauzwa kwa nini? Inawezekana kabisa nayo injini yake iko karibu kuchapa na mwenyewe ameshajua. Hiyo kujua gari yako iko na thamani, iweke kwa mizani.

6. NJIA NNE ZIKO MBELE YAKO

Kutengeneza kilichokufa pekee. Kama ni gasketi ya hedi na bloku iko sawa, hedi inatolewa, inapelekwa kwa mashine kupimwa kama imepinda na kusawazishwa, gasketi mpya inaingia, kazi imeisha. Hii ndio njia ya bei ya chini kama vipimo vinasema sehemu ya chini ni nzima. Kosa ambalo watu hufanya ni kuruka hatua ya mashine ndio waokoe thao chache. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda itaungua tena, na utalipa kazi mara mbili. Rahisi ni ghali. Na hakikisha kile kilichofanya ichemke mwanzo kimepatikana. Kama ni redieta imeziba juu miaka yote umekuwa ukiweka maji ya mfereji badala ya kulanti, badilisha ama isafishwe sasa.

Ovaholi. Injini inafunguliwa yote. Ringi, beringi, gasketi zote, sili, wakati mwingine pistoni zenyewe. Ikifanywa na mtu anayejua na spea nzuri, unapata injini ya kukaa. Ikifanywa na mtu wa kubahatisha, utarudi kwake kila mwezi mpaka mjuane na familia. Inachukua siku nyingi pia, na kila kitu kinategemea mikono ya fundi. Mwulize amefanya ovaholi ngapi za injini kama yako, na akuonyeshe gari moja ambayo bado inatembea.

Injini ya ex-Japan. Hii ndio wengi hupenda kwa Toyota za kawaida, juu injini zake ni rahisi kupata na kazi inaisha haraka. Lakini ni kama mitumba ya Gikomba, unachagua kwa macho yako. Hakikisha kodi ya injini inafanana na yako, na si herufi tu. 1NZ-FE za zamani zilitumia waya wa kukanyagia mafuta na za baadaye zikatumia umeme, kwa hivyo usipoangalia utaletewa injini ambayo haiingiliani na waya zako. Omba iwashwe hapo hapo dukani kama inawezekana. Fungua kifuniko cha oili, ukiona matope meusi yameganda, endelea kutembea. Omba risiti yenye namba ya injini na maandishi ya garanti, hata kama ni ya wiki mbili.

Hapo kwa risiti usicheze. Namba ya injini iko kwa logbuku yako. Ukibadilisha injini lazima upeleke mabadiliko kwa NTSA, la sivyo siku ya kuuza mnunuzi atapima, namba zikatae, na deal iishe hapo. Mbaya zaidi, ukinunua injini bila risiti na ikawa ilitoka kwa gari ya wizi, polisi watataka kubonga na wewe, hawatamtafuta yule msee wa kibanda.

Na injini ikiwa nje, ndio wakati wa kubadilisha pampu ya maji, thamostati na sili ya nyuma ya kranki. Vitu hivi vikiharibika baadaye utalipa kazi tena. Kama gari yako ni Subaru yenye injini ya EJ20, badilisha na taimingi belti pia. Hiyo belti ikikatika ikiwa barabarani, valvu zinagongana na pistoni na unarudi hapa mwanzo wa hii stori. Kwa 1NZ usisumbuke na belti, hiyo inatumia cheni.

Ile injini ya zamani nayo ni yako. Usiiache garage kama zawadi. Hedi, altaneta, stata, vyote vina mnunuzi, na chuma chenyewe kinauzwa kwa kilo.

Kuuza vile iko. Wengine wanaona hii ni kushindwa. Si kushindwa. Kuna watu kazi yao ni kununua gari zilizokufa, wana fundi wao na spea za bei ya chini. Waambie ukweli wote kuhusu injini, andikeni makubaliano, na uhakikishe umehamisha umiliki kwa NTSA kabla gari itoke. Usiuze na logbuku ikabaki na jina lako. Gari ikifanya ajali ama uhalifu, jina litakalopatikana ni lako.

7. WEKA KIKOMO KABLA BOLTI YA KWANZA IFUNGULIWE

Injini mzee ikifunguliwa, lazima kitu kingine kipatikane. Si kwamba fundi anakuibia kila wakati, mambo mengine hayaonekani ikiwa imefungwa. Kwa hivyo kama karatasi inasema 90,000, ongeza asilimia 30, ambayo ni 27,000. Sasa bajeti yako ya kweli ni 117,000. Kama huna hiyo 27,000 ya akiba, bado huna pesa ya kuanza hiyo kazi.

Kisha amua kikomo. Namba moja, iandike kwa simu. "Ikipita 150, nauza." Mwambie na mtu mmoja unayemwamini ili akukumbushe siku moyo utalegea. Juu stori huwa hivi: unatoa 90, anapiga simu anataka 15 za kranki, unatoma. Baada ya siku tatu anataka 20 za beringi na mashine, unatoma juu "nimeshafika mbali." Wiki ijayo ni 30. Hakuna siku uliamua kutoa 155,000, lakini ndio umetoa.

Kwa hivyo mwambie fundi mapema: hakuna spea inanunuliwa kabla nipige simu nikubali, na spea ya zamani naitaka mkononi. Lipa kwa awamu. Pesa ya spea kwanza, ikiwezekana uende nayo dukani mwenyewe. Pesa ya kazi ilipwe gari ikishatembea. Na ikitoka, usiende nayo ocha siku hiyo hiyo. Itembeze mtaani siku chache, ukicheki maji na oili kila asubuhi.

Kitu kingine: bima haitakulipia hii. Hata ile ya komprehensivu kwa kawaida hailipi injini iliyochoka yenyewe. Na tafadhali, usitengeneze injini na mikopo ya simu mitano mitano. Riba ya hiyo mikopo itamaliza faida yote uliyopata kwa hesabu ya kwanza.

8. KAMA GARI NDIO INAKULISHA

Ukiendesha teksi ya ap ama unabeba mizigo na Probox, hesabu inabadilika. Kwako kila siku gari imelala ni pesa imepotea.

Tuseme ukitoa mafuta na kila kitu unabaki na 2,000 kwa siku. Ovaholi ya 100,000 itachukua siku 14 za kazi. Kubadilisha injini ni 115,000 lakini ni siku nne. Kwa macho ovaholi ni ya chini. Lakini siku 10 za ziada ni 20,000 hujapata, kwa hivyo ovaholi imekugharimu 120,000. Injini ya kubadilisha imeshinda, na ushaanza kurudisha pesa mapema.

Na kwa 2,000 kwa siku, 115,000 inarudi baada ya siku 58 za kazi kama hungekula wala kulipa keja. Ukitenga 1,000 kila siku, ni siku 115, karibu miezi minne na nusu ukifanya kazi siku sita kwa wiki. Jiulize: hii gari iliyobaki, mwili na gia boksi, itafika hiyo siku? Na ile kampuni ya ap unaendeshea itaendelea kukubali gari ya mwaka huo? Kama jibu ni hapana, usitoe hiyo pesa.

9. NA KAMA NI GARI YA MZEE?

Kuna gari haziingii kwa kalkuleta. Labda ni ile Corolla ambayo buda alikupeleka nayo shule siku ya kwanza fomu wani, na sasa hayuko. Labda mathe ndiye alikuachia. Kila fundi anakwambia uuze, na moyo unakataa.

Hakuna makosa kutumia pesa kwa kitu unakipenda. Watu hutoa zaidi ya hiyo kwa harusi ya siku moja. Lakini fanya hivyo ukijua. Piga hesabu zote hizo za juu, uone kwamba kwa mfano unalipa 80,000 zaidi ya thamani ya gari, kisha useme kwa mdomo wako: "Hii 80 ni ya kumkumbuka mzee." Kama unaweza kusema hivyo na rent bado imelipwa na mtoto hajafukuzwa shule, tengeneza na usimwombe mtu ruhusa.

Lakini kama hiyo pesa ni ya fees ama ya dawa ya mathe, jua kwamba mzee mwenyewe angekuwa hapa angekuambia uuze. Yeye alinunua gari ili iwabebe nyinyi. Hakununua ili nyinyi muibebe.

KWA UFUPI

Usiamue siku gari imezima. Pima kabla ufungue. Pata orodha iliyoandikwa na ulinganishe bei. Toa bei ya gari ikiwa imekufa kwa bei yake ikiwa fiti, na ukarabati usipite hapo. Gawanya na miezi. Ongeza asilimia 30 ya yale hayajaonekana, andika kikomo, na kikifika, shikilia neno lako.

Na baada ya yote, ikishatembea, badilisha oili kwa wakati na uweke kulanti. Kuangalia maji na oili asubuhi ni dakika mbili. Wale wasee wote wako garage saa hii wakingoja simu ya fundi, wengi wao walikosa hizo dakika mbili.